Majani ya Farasi wa Komanda

Jumatatu, 4/3/2002

Muzee Sudi asema niandike. Kila siku: farasi alikula nini, alikunywa ndoo ngapi, alikunya mara ngapi. Nikamwambia, Muzee, miye masomo niliacha mu mwaka wa ine kwa Masista. Akanijibu: mavi haina dikte wala mutihani, Mama Bénie, andika tu.

Basi kaye njo hii. Ilikuwa daftari ya hesabu ya Florentin, mutoto wangu. Mbele naandika mavi. Huku nyuma naandika yangu. Muzee hageuzi kaye.

Farasi wa Komanda iko mugonjwa wa tumbo. Jina lake Bizu. Komanda anamwita Tigre, lakini akiita Tigre hageuki. Walimukuta mu shamba ya wazungu wa zamani, upande wa Kongolo, wakamupandisha mu wago. Ilikuwa treni ya mwisho. Nyuma yake reli ilikatwa, hakuna nyingine iliyofika Kindu tena.

Siku ile, mwezi wa kwanza, waaskari walikuwa wanakamata vijana ku gare ya treni. Waliwapanga mulongo. Florentin wangu alikuwa wa sita. Wakateremusha farasi — anapiga miguu, anapiga kichwa ku chuma, waaskari wanakimbia! Florentin akatoka mu mulongo, akashika kamba. Farasi akatulia. Akamuwekea pua mu shingo. Komanda akacheka, asema: huyu abaki, achunge farasi. Wengine wote walipanda motokari, wakaenda front. Wa tano na wa saba walikuwa watoto wa hapa kampi ya reli, najua mama zao. Hakuna aliyerudi.

Komanda alikuja kunisalimia nyumbani. Asema: Mama, farasi ikikufa, mutoto wako nampa bunduki siku ile ile. Alisema polepole. Kama muntu anaomba maji.

Leo tangu asubuhi Bizu hakuli. Anachimba udongo na mukono wa mbele. Anageuka kuangalia ubavu wake, kama kuna muntu anamuita pale. Muzee Sudi, ambaye zamani alikuwa infirmier, muuguzi wa ngombe, aliweka sikio ku tumbo, akakaa vile muda murefu. Asema: inanyamaza. Tumbo ya farasi haipashwi kunyamaza. Mulimupa nini?

Tulimupa maganda ya muhogo. Na matembele. Na matiti, majani ya mutoni, yale manene. Mbuzi anakula, tukasema naye atakula.

Muzee akashika kichwa. Asema: mbuzi! Farasi hawezi kutapika, Mama Bénie. Mungu hakumupa njia ile. Kile kinaingia kibaya, kinabaki.

Sikujua. Nani angenifundisha? Mu Kindu nzima hakuna farasi wa pili.

Jumatano, 6/3

Alikunya! Saa tatu ya asubuhi. Florentin alinikimbilia jikoni, mikono juu, kama dada yake Bénie amezaa. Jirani yangu Mwanvua akauliza toka kiwanja chake: kuna nini? Nikasema: farasi amekunya. Akasema: aksanti Yesu, sasa vita imekwisha.

Siku mbili tulimutembeza. Florentin mbele na kamba, miye nyuma na fimbo ya kumuzuia asilale. Muzee alimunywesha mafuta ya mawese na maji ya chumvi. Nguo zangu zote nyekundu.

Muzee asema kuanzia leo hakuna kitu kibichi. Ni majani ya kukauka peke yake. Yeye anaita fwe, neno la wazungu. Asema fwe ya tumbo mugonjwa iko hivi: majani laini, majani mingi mafimbo kidogo, yakatwe mbele ya kuweka mbegu, yakauke vizuri, yasiwe na vumbi, yasiwe na ukungu hata kidogo. Nikasema ndiyo Muzee. Kisha nikaangalia juu. Mvua inajikusanya tangu saa sita. Mwezi wa tatu, Kindu! Hata kilemba yangu haikauki.

Jumamosi, 9/3

Nilifanya ujinga.

Juzi nilikata majani ya nyuma ya kiwanja ya mupira, laini, mazuri. Mvua. Nikafikiri: samaki tunakausha namna gani wakati wa mvua? Nikapandisha majani ku dari ya jikoni, juu ya moto, pale pa samaki. Nikatia kuni mbichi kidogo moshi uwe mingi. Siku mbili. Yakakauka — kavu! Yanalia mu mukono. Nilikuwa na furaha, sitaficha.

Bizu akaweka pua. Akapiga chafya. Akapiga ya pili, ute wote ku uso wangu. Akageuka, akanionyesha matako.

Mwanvua alikuwa ku mulango na mujukuu wake mugongoni, alicheka mpaka akakaa chini. Asema: Mama Bénie, uliacha pilipili! Farasi mukubwa hivi unamupa samaki makayabu bila pilipili!

Djo naye akacheka. Djo njo mulinzi wa Komanda, anakuja kila jioni kuangalia farasi iko namna gani, kisha anaenda kusema. Muzee Sudi hakucheka. Asema: weye muntu wa Kindu, kwenu kila kitu ni samaki. Moshi unaingia mu pafu, atakohoa, akikohoa atasumbuka tumbo. Tupa.

Nilitupa. Usiku mzima Bizu hakuwa na kitu cha kula, asubuhi alikuwa anakula ubao wa mulango. Masasi ya bunduki ilipigwa upande wa ngambo mpaka saa moja. Sikusikia woga. Nilikuwa nafikiri: pale pa kukausha, pale pa kukausha.

Jumanne, 12/3

Niliota joto. Si ndoto — nilikumbuka. Wakati marehemu mume wangu alikuwa shofere wa machini ya treni, siku moja alinipandisha mu wago tupu kunionyesha. Nilitoka mbio, nguo imenatana mu mugongo. Chuma, jua ikiwaka dakika kumi tu, mule ndani ni kama tanuru. Na mvua haiingii.

Wago ziko ku gare, zimesimama tu. Nilienda kwa shefu wa gare, jina lake Waziri. Treni haiko, lakini Waziri anavaa kofia yake kila siku, na saa sita anapiga kengele. Hakuna anayemulipa, hakuna anayemufukuza.

Akasikiliza yote. Akafungua kitabu kikubwa. Asema: shehena gani? Nikasema majani. Akaandika. Uzito? Nikasema sijui, Shefu, majani ya kushiba farasi. Akaandika. Inatoka wapi? Kindu. Inaenda wapi? Nikasema: Kindu. Akaniangalia juu ya miwani, akaandika Kindu. Akanipa wago moja mulango pande mbili unafunguka. Asema: Mama, hii njo shehena ya kwanza tangu mwezi wa kwanza. Akapiga muhuri.

Nilipotoka niliona anafuta vumbi ku muhuri na shati.

Ijumaa, 15/3

Kiwanja ya mupira imekwisha. Majani mazuri iko ku kilima cha reli, kupita bariere ya waaskari, kule kilometa tano. Hapo hakuna muntu anapita. Komanda alinipa karatasi. Waaskari wa bariere wakasoma karatasi chini juu, juu chini. Mukubwa wao akauliza: Mama, unavuka hapa, masasi iko kule, kwenda kukata majani? Nikasema ndiyo. Akasema: una watoto? Nikasema: njo maana nakata.

Akaniacha.

Nilikata mpaka umande ukaisha. Nasikia kule mbali: tuk, tuk-tuk. Kisu yangu: shwa, shwa. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Nilijiuliza kwa nini siogopi. Zamani panya ikipita nilikuwa napanda ku kiti.

Sasa najua majani. Hii iko na kamba ngumu mu katikati — hapana, itafunga tumbo. Hii imeweka mbegu — hapana, imezeeka. Hii imekauka ku kichwa lakini ku muguu iko mbichi — itachemka mu wago. Ninayotaka ni fupi, ni nyembamba, ukikunja haivunjiki, ukiachia inarudi. Kisha naweka mu kinywa yangu. Natafuna. Ikinikwaruza ku koo, si ya Bizu. Ikiwa na utamu kidogo, kama muwa wa mbali, naweka mu fungu.

Midomo yangu iko kijani. Florentin asema: Ma, utaanza kulia kama farasi.

Jumapili, 17/3

Misa fupi. Padri alisoma majina ya wafu, ilikuwa ndefu kuliko masomo. Nilirudi kugeuza majani mu wago. Nageuza mara tatu: saa ine, saa saba, saa tisa. Muzee asema yasipogeuzwa yanapika katikati.

Mujukuu wa Mwanvua iko na homa. Macho mekundu. Wanasema surua.

Alhamisi, 21/3

Anakula.

Muzee alinifundisha: usimupe mingi kwa mara moja. Kidogo, mara nane kwa siku. Na uloweshe mu beseni mbele ya kumupa, vumbi ibaki mu maji, na tumbo ipate maji bila kuomba. Basi asubuhi nakausha, muchana nalowesha. Mwanvua, kama angekuwa na hamu ya kucheka, angecheka. Sasa hachekeshi wala hacheki, iko na mutoto mugonjwa.

Bizu anachagua na mudomo. Mudomo wake wa juu unatembea kama kidole cha kipofu. Kisha meno: kru, kru, kru. Sauti ile — nilikaa chini ku ndoo nikasikiliza mpaka akamaliza. Florentin alikuwa anamusugua na kipande cha gunia. Dakika kumi, kumi na tano. Kila mara akimaliza, naweka sikio ku ubavu. Inasikika vizuri sasa. Iko kama maji ya mvua inaingia mu pipa, mbali.

Florentin iko na miaka ishirini na mbili. Kama si vita angekuwa na muke. Nilimuangalia mukono wake ku mugongo wa farasi, nikahesabu: tangu mwezi wa kwanza, wiki tisa iko nyumbani. Wiki tisa analala mu kitanda yake.

Mavi mara saba. Niliandika mbele.

Jumatatu, 25/3

Tulizika mujukuu wa Mwanvua. Miaka miwili na nusu. Jina lake Dodo. Waziri alitoa mbao ya wago kwa sanduku, akaandika mu kitabu.

Nilienda, nilikaa na Mwanvua ku mukeka. Saa saba nilisimama kwenda kugeuza majani. Kisha nikarudi ku mukeka.

Mwanvua akaniuliza: farasi anakula? Nikasema anakula. Akasema: vizuri.

Sikulia. Nilitafuta machozi, kweli nilitafuta.

Jumapili, 31/3. Pasaka

Bizu amenona. Mbavu hazionekani. Ngozi inang'aa kama meza ya Padri. Misa ilipokwisha, Florentin alimupanda bila kiti, bila kitu, wakazunguka kiwanja ya mupira. Kwanza polepole. Kisha mbio! Watoto wote wa kampi nyuma yao, na wamama, na wakimbizi waliolala mu wago, wote. Watu wenye siku tatu bila kula walikuwa wanapiga makofi. Florentin kinywa wazi, anacheka na meno yote. Sikuona meno yake tangu mwaka jana.

Mwanvua pia alitoka kuangalia. Hakupiga makofi, lakini alitoka.

Komanda alikuwa mu jeep yake, ku kona. Hakushuka. Aliangalia mpaka mwisho. Alikuwa anachekelea.

Jumanne, 2/4

Komanda alikuja nyumbani, alikaa ku kiti cha marehemu. Asema: Mama, umefanya kazi ya daktari. Nikasema ni Muzee Sudi, ni Florentin. Asema: hapana, ni weye, Djo ananiambia kila siku, unatafuna majani kwa kinywa yako. Mama kama weye, nchi ingekuwa nao kumi!

Djo aliniletea sabuni mbili na chumvi.

Kisha Komanda akasema: Jumatatu tunaenda upande wa Tunda. Watu wa kule hawajaona farasi. Nitaingia juu ya Tigre, watajua nani amekuja. Farasi sasa iko na nguvu, itafika. Na mutoto wako atamushika kamba mbele, maana farasi haikubali mwingine.

Mbele. Alisema mbele.

Nikasema aksanti, Komanda. Kinywa ilisema yenyewe. Niliwasindikiza mpaka barabarani, kama inavyopashwa.

Bizu alikula beseni zote nane. Mavi mara saba.

Alhamisi, 4/4

Nilimuambia Florentin: kimbia. Akaniuliza wapi. Nikasema ngambo ya muto. Asema: Ma, ngambo watasema huyu njo mutoto wa farasi wa Komanda, na watanikata. Nikasema basi jifanye mugonjwa. Asema: wa mwisho aliyejifanya mugonjwa, Ma, ulienda ku matanga yake. Ni kweli. Nilienda.

Kisha asema: na Bizu atabaki na nani? Nilitaka kumupiga. Njo mara ya kwanza wiki hizi nilisikia kitu kikali mu kifua, nikafurahi kidogo kuisikia. Ikapita.

Nimekaa mu wago naandika. Majani iko inakauka pande zote, inanukia. Nafikiri vile nahesabu majani — moja moja.

Farasi ikikufa: bunduki.
Farasi ikiwa na nguvu: Tunda, mbele, na kamba mu mukono.
Wakati gani Florentin alikaa nyumbani? Wakati Bizu alikuwa mugonjwa.

Niliandika hii, nikaiangalia. Sikufuta.

Jumamosi, 6/4

Jana mvua na upepo, na miye niliacha mulango mumoja wazi. Kona yote ya majani ililowa. Asubuhi ilikuwa inatoka mvuke. Niliingiza mukono mule ndani — moto, kama ndani ya muntu wa homa. Na ile weupe imeanza, kama pamba ya buibui. Harufu ya nguo iliyofungwa mu sanduku.

Ilipaswa kuchomwa. Nilichukua kiberiti.

Nilirudisha kiberiti mu kitambaa.

Nilijua kiasi. Namna nilivyojua kiasi! Si beseni — beseni ingemuua. Ngumi mbili. Nilichanganya na majani mazuri, nilinyunyiza chumvi ya Djo juu ili harufu isisikike. Aumwe Jumapili, aumwe Jumatatu, asiweze kutembea, Komanda aende na miguu yake. Kisha nitamuponyesha pole pole. Najua kumuponyesha, njo miye nilimuponyesha.

Bizu aliweka pua. Akaniangalia. Akaondoa pua. Nikamushika shingo, nikamwambia: kula, baba. Kula.

Alikula kwa sababu ni mukono wangu.

Mbele ya kaye niliandika: majani mazuri, beseni nane. Mwandiko ni uleule.

Jumapili, 7/4

Ilizidi. Nilikosa kiasi, ao tumbo yake ilikuwa bado haijapona vizuri kule ndani. Tangu alfajiri analala, anasimama, analala. Jasho mpaka ku kwato. Anapiga tumbo yake mwenyewe na muguu. Alitoa sauti moja ambayo sikujua farasi iko nayo.

Muzee Sudi hayuko — malaria imemuangusha tangu Ijumaa, muke wake asema hata jina lake hajui. Tuko sisi wawili na Florentin. Tulimunywesha mafuta. Tunamutembeza: reli mpaka kisima, kisima mpaka reli. Sikwenda Misa.

Saa nne Florentin alienda kuosha beseni. Nikamuona anainama. Chini ya beseni kulibaki majani, ile ya mwisho ambayo Bizu aliacha. Akachukua. Akanusa. Akaivunja mu vidole, vumbi nyeupe ikatoka.

Asema: Ma, hii ilitoka wapi?

Nikasema mu wago.

Aliniangalia vile watu wanaangalia barua kama hawajui kusoma. Kisha akakusanya yote, hata ile iliyonatana ku ukingo, akaenda kuitupa mu choo. Akamwaga maji ndoo mbili juu. Akarudi, akachukua kamba kwangu, pole, hakuninyanganya. Akamutembeza mwenyewe. Tangu pale hajanisemesha.

Djo alikuja jioni. Aliona farasi iko chini. Asema: ay, Mama Bénie! Kesho ni kesho! Nikamwambia tumbo imefunga tena. Akatoa kofia, akajikuna. Asema: Komanda alishatafuta mashati nyeupe. Amenunua kofia. Sitamwambia leo, ataniua miye kwanza, farasi kisha. Nitakuja kesho asubuhi, nitaangalia, njo nitasema.

Hakunya hata mara moja.

Niliomba. Lakini nilipoanza sikujua niombe nini. Nikasema Salamu Maria tu, mpaka mwisho, bila kuongeza kitu.

Jumatatu, 8/4

Saa moja na nusu. Motokari tatu ziko mbele ya gare, zinawaka. Moshi inafika huku. Vijana wanapanda nyuma, wengine wana viatu, wengine hawana. Waziri iko ku kengele yake, amesimama.

Bizu amesimama. Tangu saa kumi na moja hakulala tena. Jasho imekauka, imeacha chumvi ku ngozi. Kichwa chini. Florentin amemushika, macho yake yote mawili yamevimba.

Djo alikuja mbio. Asema: Komanda anauliza, atatembea ao hatatembea? Na Muzee iko wapi? Nikasema Muzee bado iko na malaria. Asema: basi weka sikio weye, Mama Bénie, weye njo daktari. Kama inasikika, tunaenda naye polepole. Kama inanyamaza, nitasema inanyamaza, anitandike akitaka, lakini muntu hawezi kupanda farasi anayekufa mbele ya watu wa Tunda.

Nikauliza: na Florentin? Djo asema: kamba bila farasi ni ya nini? Komanda akiwa na hasira sijui. Akiwa na haraka, atamusahau. Leo iko na haraka.

Nikaweka sikio.

Kwanza hakuna. Moyo wangu tu. Kisha, mule ndani kabisa — maji. Kidogo. Ikasimama. Ikaanza tena, ikatembea, ikateremuka kama muntu anashuka ngazi na viatu. Machozi ikanitoka. Sasa! Wiki zote hizi, njo sasa! Ilimwagika ku manyoya yake na sikuweza kuizuia. Alipona. Alipona peke yake, na ubaya wangu wote mule ndani.

Florentin ananiangalia. Djo ananiangalia.

Djo akaona machozi. Asema: eee, Mama. Pole.

Nikasema: inanyamaza.

Florentin akafunga macho. Anajua sauti ile, yeye pia aliweka sikio, nilimuona asubuhi.

Djo akavaa kofia, akaondoka. Nimechukua kaye kwa sababu mikono haina majani ya kushika. Namuona Djo anapita wago ya kwanza. Wago ya pili. Anatembea, hakimbii, hana haraka ya kufika. Komanda iko kule juu ya jeep na kofia yake mupya, anaangalia huku.

Djo hajafika ku gare bado. Bizu anainua mukia, anataka kunya.